Wametengeneza bila idhini yangu, kisha wakakata fedha kwenye kadi. Nifanyeje?

Swali la msomaji

Kompyuta yangu mpakato iliacha kuandika herufi mbili. Niliituma kwenye idara ya huduma ya kampuni iliyoitengeneza, nikajaza fomu yao na kuacha namba za kadi yangu kwa ajili ya ada ya uchunguzi. Baada ya siku kadhaa waliniandikia barua pepe kwamba wamekuta dalili za maji ndani, na kwamba bodi kuu lazima ibadilishwe pamoja na kibodi. Gharama yake inakaribia nusu ya bei ya mashine mpya. Niliwajibu: "Asante, nitalifikiria kisha nitawajulisha." Sikuandika tena. Wiki iliyofuata nikakuta wamekata fedha yote kwenye kadi, na ujumbe kwamba mashine iko tayari kuchukuliwa. Nimepiga simu, napigwa danadana. Mmoja anasema nilisaini vigezo na masharti, mwingine anasema kazi imeshafanyika na bodi ya zamani hairudishwi. Mimi sikutaka bodi mpya. Mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri isipokuwa herufi zile mbili. Je, niichukue? Niende benki niseme wameniibia? Au ndiyo imetoka hiyo?

Jibu la mtaalamu

Haijatoka. Kwa maelezo uliyotoa, umesimama mahali pazuri kuliko unavyodhani. Unaweza kupaharibu kwa mambo mawili ambayo umeyataja mwenyewe: kuendelea kubishana nao kwa simu, na kwenda benki kusema umeibiwa. Yote mawili nitayafikia.

Kwanza shika jambo hili na usiliachie mpaka mwisho: mgogoro wako ni wa idhini. Hugombanii ubora wa kazi, wala bei, wala afya ya bodi yako ya zamani. Kampuni itajitahidi kukuvuta kwenye mada hizo kwa sababu huko ndiko ina nguvu. Itakuambia maji yaliingia. Itakuambia bodi ilikuwa na kutu na ingekufa muda si mrefu. Itakuambia hiyo ndiyo bei ya kawaida na kila mteja analipa hivyohivyo. Kwenye kila moja ya hoja hizo wana fundi, wana picha na wana ripoti. Wewe huna kitu. Kwenye idhini mambo ni kinyume, kwa sababu idhini yako haiwezi kuwepo mahali popote isipokuwa kwenye maneno yako au saini yako. Kwa hiyo swali lako kwao liwe moja tu, na ulirudie bila kuchoka: nionyesheni ni wapi, siku gani na kwa njia gani nilikubali kazi hii kwa gharama hii.

Chukua suala la maji kama mfano. Ndani ya kompyuta nyingi watengenezaji hubandika vibandiko vidogo vyeupe vinavyogeuka vyekundu au rangi ya waridi vikiguswa na unyevu. Fundi akifungua mashine na kukuta kimoja kimegeuka, anakipiga picha, anaandika "uharibifu wa maji", na kuanzia hapo hesabu yote inabadilika. Picha hiyo utatumiwa, na itakushtua. Lakini hata kibandiko kiwe chekundu kiasi gani, kinaeleza tu kwa nini walipendekeza kubadili bodi. Hakielezi ni nani aliyekubali. Wakikutumia picha, wajibu kwa upole kwamba umeiona, kisha urudi kwenye swali lako.

Sasa tuitazame fomu, maana ndipo watakapokimbilia. Itafute nakala yake leo. Kama huna, waombe kwa barua pepe, pamoja na masharti yaliyokuwa yakitumika siku uliyosaini. Nasisitiza siku uliyosaini, kwa sababu masharti yaliyoko kwenye tovuti yao leo yanaweza kuwa yamebadilishwa. Ukiipata, usisome kila mstari kwa uzito uleule. Unatafuta sentensi za aina tatu.

Ya kwanza ni ile inayoweka ukomo. Fomu nyingi za watengenezaji huandika kwamba mteja anaidhinisha uchunguzi na matengenezo "hadi kiasi fulani" bila kuulizwa tena. Ukomo huo ukiwepo na ankara ikawa chini yake, hali yako ni ngumu na lazima uijue mapema. Ukiwepo na ankara ikauvuka, fomu yao wenyewe imekuwa shahidi wako: waliandika kiasi walichoruhusiwa, kisha wakapita. Tena, kitendo cha kukutumia makadirio na kusubiri jibu kinaonyesha kwamba hata wao walijua hawana ruhusa. Mtu aliye na idhini haombi idhini. Hoja hiyo iandike kwenye barua yako karibu kwa maneno hayohayo.

Ya pili ni ile inayohusu kazi ya nusu. Watengenezaji wengi hutoza kwa viwango vya mkupuo: kuna daraja la tatizo dogo, daraja la kati, daraja la uharibifu mkubwa, na mashine ikishaingia daraja la juu hawakubali kubadili kibodi peke yake. Wana haki ya kukataa kazi wasiyoitaka. Ila kukataa kufanya kazi ndogo hakuwapi ruhusa ya kufanya kubwa. Njia iliyobaki kwao ilikuwa kukurudishia mashine kama ilivyokuja na kubaki na ada ya uchunguzi.

Ya tatu ndiyo yenye ujanja: "usipojibu ndani ya siku kadhaa tutahesabu umekubali." Hapa kuna historia ndefu. Mwaka 1862 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Felthouse na Bindley. Bwana mmoja alikuwa akimwandikia mtoto wa ndugu yake kuhusu kumnunua farasi, akamwambia kwamba asiposikia neno zaidi, atamhesabu farasi huyo kuwa wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Kijana hakujibu. Mahakama ikasema bwana yule hakuwa na haki ya kumbebesha mwenzake mkataba kwa sababu tu amekaa kimya. Kanuni hiyo, kwamba ukimya peke yake si kukubali, bado inafundishwa na kutumika katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza, na mifumo mingine mingi ya sheria ina kanuni inayofanana nayo. Kampuni inaweza kujibu kwamba wewe ulisaini sharti la ukimya tangu mwanzo, na hoja hiyo ina uzito fulani. Ndipo sheria za masharti kandamizi zinapoingia, kama Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1993 yanayomwondolea mtumiaji mzigo wa sharti lisilo la haki ambalo hakulijadili. Lakini wewe huna haja ya kufika mbali kiasi hicho, kwa sababu hukukaa kimya. Ulijibu. "Nitalifikiria kisha nitawajulisha" ni jibu, na maana yake ni kwamba bado hujakubali. Barua pepe hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote ulizonazo. Ihifadhi ilivyo, pamoja na tarehe na saa yake, na nakala nyingine nje ya simu yako.

Hapa nieleze pia jinsi makosa haya yanavyotokea, maana ukijua utaomba vitu sahihi. Idara ya huduma ya mtengenezaji si chumba kimoja chenye fundi mmoja. Anayepokea simu yuko kwingine, karakana iko kwingine, na mara nyingi karakana ni ya mkandarasi aliyepewa kazi na kampuni. Kinachowaunganisha ni mfumo wa kompyuta ambao ndani yake kazi yako ina namba na hali: imepokelewa, imechunguzwa, makadirio yametumwa, imeidhinishwa, imekamilika. Fundi hasomi barua pepe zako. Anaangalia kama hali imegeuka kuwa "imeidhinishwa", anachukua bodi kwenye rafu na kuanza. Kwa hiyo mahali fulani kuna mtu aliyebonyeza, au mfumo uliojibonyeza wenyewe muda ulipoisha, na tukio hilo kwa kawaida limebaki kwenye historia ya kazi likiwa na saa na jina la akaunti iliyolifanya. Hilo ndilo unalolitaka. Mtu wa huduma kwa wateja anayekuambia "mfumo unaonyesha uliidhinisha" huenda anasema kweli kuhusu mfumo. Wewe mwombe achapishe.

Na kama watakataa, nchi nyingi zina sheria ya taarifa binafsi inayokupa haki ya kudai nakala ya kumbukumbu zinazokuhusu, pamoja na rekodi za simu kama bado zipo. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni zake tarehe 25 Mei 2018, na kampuni ina mwezi mmoja wa kujibu. Kenya ina sheria ya aina hiyo tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Ombi la namna hiyo halihitaji wakili. Sentensi moja inatosha: "Naomba nakala ya taarifa zote zinazonihusu kuhusiana na kazi namba fulani, pamoja na rekodi za mazungumzo ya simu na historia ya mabadiliko ya hali ya kazi hiyo."

Kuhusu simu, acha. Kila unapopiga, unazungumza na mtu asiye na mamlaka ya kurudisha fedha, na kila neno lako linaandikwa na yeye kwa muhtasari wake. Ukisema kwa hasira "basi, kama mmeshaitengeneza nifanyeje," kesho muhtasari unaweza kusomeka "mteja amekubali." Kama ni lazima uzungumze nao, simu ikikatika tu waandikie: tumezungumza leo saa fulani, umeniambia hivi, nimekujibu hivi, na bado sijaidhinisha kazi hii.

Barua yenyewe iwe fupi. Naiandika hapa kwa namna ambayo ningeituma mimi. Jaza mapengo kwa ukweli wako:

"Kwa Idara ya Huduma. Namba ya kazi … Namba ya mashine …

Tarehe … niliwakabidhi mashine ili ichunguzwe kwa tatizo la vitufe viwili vya kibodi. Tarehe … mlinitumia makadirio ya kubadili bodi kuu na kibodi. Tarehe … niliwajibu kwa maandishi kwamba nitalifikiria na kuwajulisha. Baada ya hapo sikutoa idhini yoyote, kwa maandishi wala kwa mdomo. Tarehe … mlikata kwenye kadi yangu kiasi cha …

Ninakubali ada ya uchunguzi ya … kama ilivyo kwenye fomu. Ninapinga kiasi kilichobaki, yaani …

Naomba kumbukumbu ya idhini mnayodai niliitoa, ikionyesha tarehe, saa, njia na jina la aliyeipokea. Historia kamili ya kazi hii kwenye mfumo wenu. Ripoti ya fundi. Na maelezo ya mahali ilipo bodi ya zamani. Kama kumbukumbu ya idhini haipo, naomba mrudishe … kwenye kadi ileile kabla ya tarehe … Wakati suala hili linaendelea, tafadhali msiiuze wala kuiharibu mashine au bodi iliyotolewa."

Kabla ya kuituma, jiulize kwa ukweli kuhusu ile sentensi ya "wala kwa mdomo". Kama walikupigia ukiwa njiani na ukasema "sawa, endeleeni", usiiandike. Rekodi ikitokea baadaye, utapoteza hata kile ambacho ni haki yako.

Utaona pia kwamba barua inakubali ada ya uchunguzi. Wapo wanaonishangaa ninapowaambia walipe hiyo, lakini uliikubali, na fundi alifanya uchunguzi. Mtu anayekubali anachodaiwa kihalali anasomeka tofauti kabisa mbele ya benki, mbele ya mamlaka ya watumiaji na mbele ya hakimu kuliko yule anayepinga kila kitu.

Jibu lao la kwanza karibu hakika litakuwa kwamba umefaidika: una bodi mpya, mashine inafanya kazi, haiwezekani ubaki nayo bure. Inasikika kuwa na haki ndani yake, ndiyo maana watu wengi hulegea hapo. Lakini swali hili majaji walishalijibu zamani. Mwaka 1856, katika kesi ya Taylor na Laird, Jaji Pollock aliuliza: mtu akikusafishia viatu vyako, utafanya nini zaidi ya kuvivaa? Je, hiyo ni dalili kwamba ulikubali kumlipa? Na katika kesi ya Falcke ya 1886, Jaji Bowen alisema kwamba watu hawawekewi madeni nyuma ya migongo yao. Hutapeleka majina hayo kwa mhudumu wa kampuni, hayatamsaidia. Yachukue kama uhakika wako mwenyewe kwamba kuifungua mashine yako na kuitumia hakugeuki kuwa saini. Bodi imeshaingia ndani ya mali yako. Huna namna ya kutumia kompyuta yako bila kuitumia. Na kama wanaona wanapunjwa, wana uhuru wa kupendekeza kuitoa na kurudisha ya zamani kwa gharama zao. Mara nyingi hapo ndipo inapojulikana kwamba ya zamani haipo tena.

Katika baadhi ya sheria jambo hili limeandikwa waziwazi, bila kuhitaji kesi za kale. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari na bidhaa nyingine, na inamkataza mtengenezaji kutoza kazi ambayo mteja hakuidhinisha. Ya jimbo la Ontario, Kanada, ya mwaka 2002, inasema hivyohivyo, inazuia ankara kuzidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, na idhini ya mdomo haihesabiki mpaka irekodiwe kwa namna iliyowekwa. Tafuta kama nchi yako ina kifungu cha aina hiyo kabla ya kutuma barua. Kikiwepo, kitaje kwa namba. Barua yenye namba ya kifungu hupelekwa kwa mtu mwingine kabisa ndani ya kampuni.

Benki

Kwanza angalia taarifa ya akaunti yako vizuri. Kuna tofauti kati ya fedha zilizozuiliwa na fedha zilizokatwa. Ulipoacha kadi, kampuni inaweza kuwa ilizuia kiasi fulani kama uhakikisho. Kiasi hicho huonekana kama muamala unaosubiri na kinaweza kuachiliwa chenyewe. Kama bado kinasubiri, waandikie leo kwamba huidhinishi kikamilishwe. Kama kimeshakamilika, ndipo unapoomba benki ipinge muamala.

Na hapa ndipo neno "wameniibia" litakapokuangusha. Benki huuliza sababu, na sababu unayochagua inaamua kesi inakwenda meza gani. Kwenye mtandao wa Visa migogoro imegawanywa makundi manne: ulaghai, idhini, makosa ya uchakataji na malalamiko ya wateja. Ukisema ulaghai, unasema kadi ilitumiwa na mtu usiyemjua. Kampuni itatoa fomu yenye saini yako na namba za kadi ulizowapa mwenyewe, na ombi litakataliwa. Pengine na kadi yako itafungwa katikati ya zogo hilo. Ukichagua "idhini" ukidhani ndiyo yako, napo utakosea, kwa sababu idhini inayozungumzwa pale ni ile ya benki: kama mfanyabiashara alipata kibali cha kielektroniki kabla ya kukata. Haihusu ridhaa yako.

Maneno ya kumwambia mtu wa benki ni haya: kampuni naifahamu, niliwapa kadi kwa ajili ya ada ya uchunguzi tu, wamekata kiasi tofauti na nilichokubali, na nimejaribu kumalizana nao bila mafanikio. Waachie wao wachague msimbo wa sababu unaolingana na maelezo hayo. Pinga ile tofauti, usipinge kiasi chote. Ukiijumuisha ada uliyoikubali umewapa kampuni sehemu moja ambapo wako sahihi, nao wataikuza.

Muda ni mkali kuliko watu wanavyofikiri. Kwenye mitandao ya Visa na Mastercard ukomo wa migogoro mingi ya namna hii ni siku 120, lakini hizo ni siku za benki kuwasilisha, na benki yako inaweza kukutaka uanze mapema zaidi. Marekani, kwa kadi za mkopo, sheria ya mwaka 1974 inampa mteja siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa ilipotumwa, na dai liwe kwa maandishi. Simu peke yake hailindi haki hiyo. Kwa hiyo kampuni ikikuambia "tunalishughulikia, subiri mwezi mmoja," subiri ukiwa na kalenda mkononi. Wape tarehe, na ikipita nenda benki siku ileile.

Unachopeleka kisizidi ukurasa mmoja wa maelezo na viambatisho: fomu, makadirio yao, jibu lako, ankara, barua yako ya kupinga. Kampuni itatoa fomu hiyohiyo kama utetezi, basi wewe itoe kwanza, na uonyeshe kwa kalamu mahali panapoonyesha ulichokubali. Mtu anayesoma mafaili hayo ana mengi mezani. Msaidie aone jambo moja. Na ujue kwamba benki ikikurudishia fedha haijaamua nani ana haki kisheria. Kampuni bado inaweza kukuletea madai au kuyakabidhi kwa wakusanya madeni, ndiyo maana nakala za kila kitu zinabaki kwako hata baada ya kushinda.

Mashine: ichukue, lakini kwa utaratibu huu

Ningekushauri uichukue sasa, wakati fedha bado iko kwao. Katika nchi nyingi fundi ana haki ya kushikilia mali mpaka alipwe kwa kazi aliyoagizwa, na ingawa kazi isiyoagizwa haimpi haki hiyo, mabishano ya namna hiyo ukiwa huna kompyuta ni magumu kuyabeba. Benki ikishavuta fedha kabla hujaichukua, usishangae wakikataa kukupa. Wanapokupa karatasi ya kusaini, andika kwa mkono juu ya saini yako: "Nimepokea mashine. Sikubali gharama ya bodi na kibodi." Kama unasaini kwenye skrini isiyo na nafasi ya kuandika, watumie barua pepe yenye maneno hayo kabla hujaondoka mlangoni.

Kisha, kabla ya kuitumia, ipige picha juu, chini na pembeni, na ulinganishe namba ya mashine iliyochapwa chini na ile inayoonekana kwenye mipangilio yake. Unapoiwasha, kuwa tayari kwa jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia. Bodi kuu hubeba vitu vingi zaidi ya umeme. Kama ni Windows na diski ilikuwa imesimbwa, yaani imefungwa kwa siri, kwa programu yake ya BitLocker, funguo zake zilifungamanishwa na kijichipu kilichoko kwenye bodi ya zamani. Bodi mpya itakufanya uombwe ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute kabla hujaanza kubahatisha. Leseni ya Windows nayo inaweza kusema haijaamilishwa, kwa sababu inaitambua mashine kwa bodi yake.

Zito zaidi ni hili: kwenye kompyuta nyembamba nyingi za siku hizi, hifadhi imeunganishwa moja kwa moja juu ya bodi. Kama yako ni hivyo, bodi iliyotolewa iliondoka na mafaili yako yote. Picha, kazi, nyaraka, nywila. Hapo swali la "bodi ya zamani iko wapi" linaacha kuwa la ankara. Wamechukua taarifa zako bila idhini yako, na unayo haki ya kujua zimehifadhiwa wapi, nani anazifikia, na zilifutwa lini na kwa namna gani. Usingoje kuichukua mashine ili ujue. Waulize leo kama hifadhi ilibaki, na kama ilikwenda na bodi, waandikie barua ya pili, peke yake, kwa anayesimamia taarifa binafsi katika kampuni. Nimeona watu wakipigania fedha kwa bidii kubwa huku bodi yenye maisha yao yote ikirudishwa kiwandani kwa ajili ya kukarabatiwa na kupewa mtu mwingine. Usiruhusu hilo litokee kwa sababu tu ankara ndiyo iliyokuuma kwanza.

Kampuni ikileta pendekezo la kumalizana, lipime bila hasira. Wanaweza kurudisha kila kitu isipokuwa ada ya uchunguzi, na hilo likubali. Wanaweza kukupa punguzo au vocha. Vocha kataa, kwa sababu inakurudisha kununua kwa watu unaowadai. Kama bodi mpya ina manufaa kwako na kuna bei ambayo kwa hiari yako ungeilipa, unaweza kuitaja, ila baada tu ya wao kukiri kwa maandishi kwamba idhini haikuwepo. Ukitaja kiasi kabla ya hapo, mazungumzo yatahama kutoka kwenye ridhaa kwenda kwenye bei, na huko nimeshakueleza nani ana nguvu. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe kwamba kinamaliza madai yote ya kazi hiyo namba fulani, pande zote mbili.

Wakikaa kimya au wakikataa, na benki nayo ikashindwa, bado kuna mamlaka ya ulinzi wa watumiaji na mahakama ya madai madogo. Kabla ya kufika huko hakikisha unamjua unayemdai. Angalia jina lililo juu ya ankara, jina lililo kwenye taarifa ya kadi, na jina lililo kwenye fomu. Si ajabu yakawa matatu tofauti: mtengenezaji, kampuni yake ya nchi yako, na mkandarasi mwenye karakana. Barua zako zipeleke kwa wote watatu tangu mwanzo, ili siku ya mwisho asije mmoja akasema mteja hakuwahi kutuandikia. Dai lenyewe lielekeze kwa yule aliyepokea fedha na yule uliyesaini naye.